Bafu la Katikati ya Nyumba

4 Machi

Chiriku mdogo wangu,

Kabla hujaanza maswali yako: mimi ni mzima, nakula, nalala, na sijaanguka tena tangu nihamie huku kwa binti yangu. Mpwa wako hajambo, ila zamu za wodini zinammaliza, juzi katoka na sare ya unesi kaivaa nje ndani. Mkwe naye hajambo, yuko palepale kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, anarudi na wino kwenye kucha. Mjukuu wetu ametimiza miaka sita. Meno mawili ya mbele yameondoka lakini mdomo haujapunguza mwendo. Nimempa jina la Bi Kiherehere, na analiitikia. Wifi yangu mwambie sweta limefika, linanikaa vizuri, ingawa mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Najua alikuwa anakusikiliza wewe huku anafuma.

Ningekupigia simu, lakini tangu feni zikumalize masikio, kuongea nawe ni kuwatangazia majirani. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Shida ni bafu. Choo na bafu viko pamoja, katikati ya nyumba kabisa, hakuna ukuta hata mmoja unaogusa nje. Mtu akioga maji ya moto asubuhi, kuta zinatoka jasho mpaka adhuhuri. Kwenye kona juu pameota ukungu mweusi. Mpwa wako anausugua Jumapili, Jumatano umerudi. Mataulo yananuka, na mtoto ameanza kukohoa. Wewe umefunga feni miaka thelathini mahotelini na mahospitalini, basi tuambie la kufanya. Nauliza kwa niaba yao tu. Mimi mwenyewe sina shida na bafu hilo.

Dada yako


21 Machi

Jemedari wangu, shikamoo.

Barua nimemsomea wifi yako. Kuhusu sweta anasema vipimo ulituma mwenyewe, na hataki mjadala. Goti langu halijambo likiwa limekaa, likisimama ndipo tunapogombana. Tuko ghorofa ya nne bado, na kila ngazi naijua kwa jina.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo jambo pekee ninalolijua hapa duniani. Bafu la katikati linataka vitu vitatu: feni ya kuvuta, bomba la kuipeleka hewa mpaka nje kabisa, na mahali pa hewa nyingine kuingilia. Watu wanakumbuka la kwanza. La pili wanalisahau. La tatu hata mafundi wenzangu wengi hawalijui. Hewa haitoki mahali ambapo haiingii, Dada. Fyonza chupa tupu kwa mdomo uone: mashavu yataingia ndani na hutapata kitu.

Nichoree ramani. Bafu limepakana na nini mbele, nyuma, kushoto, kulia? Ukuta wa nje ulio karibu zaidi uko wapi? Na kama feni ipo, chukua kipande kimoja cha karatasi ya chooni ukiweke kwenye wavu wake. Kikishika, inavuta. Kikianguka, basi inapiga kelele tu bila kazi, kama watu fulani. Usiseme, nimeshajisema mwenyewe.

Halafu, umeniandikia kwamba wewe huna shida na bafu hilo. Sikukuuliza hilo.

Chiriku


16 Aprili

Marahaba, mdogo wangu.

Ramani hiyo hapo, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Paka aliyelala jikoni kachorwa na Bi Kiherehere, sisi hatuna paka. Mbele ya bafu ni sebule, na mlango wa bafu unafungukia hukohuko. Kushoto jikoni. Kulia chumba cha mpwa wako na mumewe. Nyuma, chumba.

Barua yako ilikuta mkwe ameshaleta fundi. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa, nikajua hapa hakuna fundi. Katoboa dari ya bafu, kapachika feni, kamaliza kwa saa moja, kaondoka. Wiki ya tatu dari ya sebule ikaanza kuwa na doa la rangi ya chai, na sasa linadondosha. Nikamuuliza mkwe, hewa ile imepelekwa wapi? Akasema, "Juu, mama." Juu wapi? "Juu tu, mama." Masikini, alikuwa anaona haya kuliko fundi mwenyewe. Ni mtu mwema sana huyu, ndiyo maana sipendi kumsumbua.

Mimi siku hizi naoga saa nne asubuhi, wote wakiwa wameshatoka. Ni saa nzuri, maji yana nguvu.

Dada yako


2 Mei

Jemedari, shikamoo.

Huyo kijana mwenye viatu nimemlaani mpaka wifi yako kanikataza kulaani mezani. Hajaondoa ugonjwa, kauhamisha. Kautoa bafuni kaulaza darini, na huko juu mvuke unageuka maji, maji yanashuka sebuleni. Mkisubiri mwaka, mbao zitaoza na dari itawakuta mezani.

Dawa yake si ngumu. Bomba la plastiki la inchi nne, lile gumu, si lile la mikunjo. Lianzie kwenye feni, lipite juu ya dari, litokee ukuta wa nje. Liinamie upande wa nje kidogo, ili maji yatiririke huko yasirudi kwenye feni. Mwishoni wekeni kifuniko na wavu, la sivyo ndege watahamia. Mlango wa bafu nao ukatwe chini, pengo la vidole viwili, ndipo hewa iingilie. Kwa ramani yako njia fupi ni kupita juu ya kile chumba cha nyuma. Mita tatu tu.

Ila sebule umeniandikia sebule, jikoni umeandika jikoni hadi na paka wake. Huko nyuma umeandika "chumba" basi. Chumba cha nani?

Chiriku


10 Juni

Dada, shikamoo.

Wiki tano kimya. Hata mwaka ule nilipoiuza baiskeli yako ulininunia wiki tatu tu. Andika, hata kama ni matusi.

Chiriku


24 Juni

Chiriku wangu,

Usinipigie kelele. Nilikuwa na homa, nililala hospitalini siku nne, wodi ya mpwa wako mwenyewe, wakanidekeza mpaka nikaona aibu. Daktari anasema sinywi maji ya kutosha. Madaktari wote wanasema hivyo, ni kama salamu yao. Sasa nimerudi nyumbani, natembea, napika.

Bomba limewekwa. Mkwe hakuita fundi tena, kapanda darini mwenyewe na barua yako mkononi, akikusoma kwa sauti kama anasomea mtihani. Mlango kaukata vidole viwili, kapima kwa vidole vyake. Doa la sebuleni limekauka. Lakini bafuni, Chiriku, bado. Nikiingia mimi, feni inanguruma mpaka mlango unatetemeka na kuta zinatoka jasho vilevile. Mpwa wako akijaribu ile karatasi yako, inashika. Nikijaribu mimi, inaanguka. Labda feni imenichoka.

Uliuliza chumba cha nyuma ni cha nani. Ni changu. Zamani pale palikuwa nje, na bafu lilikuwa na dirisha zuri linaloangalia kamba ya kuanikia nguo. Nilipoanguka kule nyumbani, mkwe akajenga chumba haraka ili nipate pa kukaa, akakiegemeza kwenye ukuta huohuo, akaliziba dirisha kwa matofali. Yaani ukungu huo, na kikohozi cha mtoto, na dari kudondosha, vyote vimekuja na mimi. Nilipokuwa nakiandika hicho "chumba" mkono ulikataa kuongeza neno.

Kwa hiyo nimeamua. Ijumaa ya kwanza ya Septemba narudi nyumba ya wazee wetu. Choo kiko uani, kina mlango wake, na hakuna wa kumsumbua. Wao watabomoa chumba, watapata dirisha lao. Nimewaambia naenda kukagua paa tu. Mwanangu hakuniamini, alilia jikoni akidhani sioni.

Dada yako


8 Julai

Dada,

Shikamoo, na salamu za humu ndani zisubiri.

Hiyo nyumba ya wazee wetu ndimo ulimoanguka ukalala sakafuni tangu alfajiri mpaka muuza maziwa akakuona adhuhuri. Siku ile nilipopata habari nilikaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili nikashindwa kupanda na kushuka. Sitaki kukaa kwenye ngazi zile tena. Nimesema.

Sasa feni. Miaka thelathini sijawahi kuona feni inayobagua watu. Kama akiingia mwanao karatasi inashika na ukiingia wewe inaanguka, basi feni ni nzima na tofauti ni wewe. Feni inayonguruma mpaka mlango unatetemeka ni feni iliyonyimwa hewa, ule mngurumo naujua hata kwa masikio haya mabovu. Pengo la vidole viwili lipo. Dada, ukiingia mle unaziba nini chini ya mlango?

Halafu nikaiweka barua ya Aprili juu ya barua ya Juni. Unaoga saa nne, wakiwa hawapo. Hunywi maji, daktari kasema. Hunywi maji ili usiende chooni, ndiyo au siyo? Umejikausha mpaka umelazwa. Niambie ukweli, mficha uchi hazai.

Chiriku, ambaye leo hachekeshi


20 Julai

Wewe mtoto,

Mimi nimezaa watatu, uchi wangu niachie mwenyewe. Nani kakutuma kuzipanga barua zangu kama polisi?

Nimeichana barua yako, nimeiunganisha, nimeisoma tena. Haya. Naziba taulo. Tangu siku ya kwanza mlango ulipokatwa, na kabla ya hapo nilikuwa naziba hata ule upenyo mdogo. Kiti cha mkwe kiko hatua nne kutoka mlango ule, nimezihesabu. Kaketi pale na chai yake, ametoka kazini amechoka, na mimi mama yake mkwe nimo ndani ya chumba kisicho na dirisha, kila sauti inatokea chini ya mlango. Wewe mwanaume, hujui. Mimi mkwe ananiamkia kichwa kimeinama, hajawahi hata kuniona nikila nyama ya mfupa. Nitatokaje mle nimtazame usoni?

Naye anasikia, usiniambie hasikii. Kila nikiingia tu, anaongeza sauti ya redio. Kila mara. Nimemchosha, na adabu yake haimruhusu kusema, basi anasema kwa redio.

Maji, ndiyo, nilipunguza. Mwanangu hajui sababu, na wewe usithubutu kumwambia. Wala mkwe. Ukimwandikia mkwe neno "taulo" sitakuandikia tena mpaka nife, na ukija mazishini nitageuka upande. Ijumaa ya kwanza ya Septemba iko palepale.

Nimekasirika, lakini nimefurahi kwamba kuna mtu anajua. Huo ndio ukweli.

Dada yako


3 Agosti

Dada yangu mpenzi, shikamoo mara mbili.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Wifi yako kaniona nafuta macho, kauliza, nikasema kitunguu. Akasema hatujapika.

Naanza na redio. Mimi ni mkwe wa watu pia. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikaa kwetu miaka miwili, na kila akielekea upande ule nilikuwa naanza kuimba. Naimba vibaya, unajua. Sikuwa nimemchoka. Nilikuwa namwambia, mama, jinafasi, mimi sisikii kitu. Mwanaume anayeongeza sauti ya redio mama mkwe wake akiingia chooni anamsitiri. Huyo kijana anakusitiri kwa kitu pekee kilicho karibu na mkono wake, na wewe umeenda kulazwa hospitalini kwa sababu ya kumfikiria vibaya.

La dirisha nalo. Dirisha lile hukuliziba wewe. Alikuwa na dirisha na alikuwa na wewe, na ukuta ulikuwa mmoja, akachagua. Hakukosea. Sasa unataka kumrudishia dirisha na kumnyang'anya mama. Mimi ningekuwa yeye ningekasirika sana.

Na la mwisho, ambalo ni la ufundi. Dirisha lililozibwa lina lenta juu yake bado, ile nguzo ya zege iliyolala, inabeba ukuta. Ukitoa matofali pale na kuendelea kushuka mpaka sakafuni, ukuta hauanguki, unapata mlango. Mlango wa kutoka chumbani kwako kuingia bafuni moja kwa moja, bila kupita sebuleni. Hewa itaingia kwa dirisha lako la nje, ipite chini ya mlango wako, ivutwe na feni, itoke kwa bomba. Pengo la upande wa sebule litazibwa kwa mpira, halitahitajika tena. Ukungu utakufa wenyewe.

Leo hii nimemtumia mkwe mchoro wa jambo hilo, na vipimo. Usirukeruke. Nimeandika habari za hewa tu. Neno lile halimo, wala jamaa zake. Kama ataelewa zaidi ya nilichoandika, hilo ni lake yeye na akili zake.

Kunywa maji.

Chiriku


30 Agosti

Mdogo wangu,

Mpe wifi yangu salamu nyingi, mwambie mkono mrefu wa sweta nimeuzoea na sasa ule mfupi ndio naona una kasoro. Bi Kiherehere ameota jino moja na shule zimefunguliwa, wamemrudisha siku ya kwanza na barua kwamba anaongea. Mpwa wako amepata mapumziko ya wiki moja. Kikohozi cha mtoto nitakueleza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kliniki na mwanangu. Kurudi, nakuta kitanda changu kimesukumwa ukuta wa pili, kimefunikwa shuka, na chumba kizima vumbi. Mkwe yuko katikati na nyundo na patasi, nywele zote nyeupe, amenizidi uzee. Mchoro wako ameubandika ukutani kwa gundi ya kiwandani kwao, sidhani kama utabanduka. Matofali yalikuwa yameshafika usawa wa kiuno.

Hakunitazama. Akaendelea kufuta patasi isiyokuwa na kitu.

"Mama," akasema, "mjomba ameandika kwamba hewa itaingia vizuri zaidi kutokea upande wako."

"Mjomba anaijua hewa," nikamjibu.

"Na pengo la sebuleni anasema tulizibe kabisa. Mpira nimeshanunua."

"Kama ndivyo hewa inavyotaka."

"Hewa ndiyo inataka hivyo, mama. Nilitakiwa nilione mwenyewe tangu mwanzo."

Tukasimama pale watu wazima wawili tunazungumza habari za hewa, na kila mmoja anajua tunazungumza habari za nini. Mwanangu alikuwa mlangoni na mkoba wangu, anatutazama kama tumechanganyikiwa. Nilitaka kulia, Chiriku. Nikasingizia vumbi, na vumbi lilikuwepo, kwa hiyo sikusema uongo.

Halafu akaniuliza, mlango huu ufungukie wapi, kwako au bafuni? Nikafungua mdomo niseme "popote mwanangu, msijisumbue", maana ndilo jibu langu la kila kitu tangu nije. Kitanda uweke wapi, mama? Popote. Chai kali au nyepesi? Yoyote. Nikaona sasa mtu kajaa vumbi mpaka kope, na mimi nimjibu popote? Nikamwambia ufungukie bafuni, maana kwangu kuna kitanda. Na bawaba ziwe tatu, mbili zitalegea kabla ya mwaka. Na hii rangi ya kijivu ya chumba changu sikuipenda tangu siku ya kwanza, inanifanya nijihisi niko stoo.

Akaniangalia, usoni kabisa, akacheka mpaka akakaa juu ya matofali. "Mama," anasema, "mwaka mzima nasubiri ulalamike." Mwanangu naye akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mtoto akaja kuuliza nani kafa.

Jumatatu mlango ulikuwa umesimama. Feni haingurumi tena, inapuliza taratibu tu mpaka unaisahau. Kuta zinakauka kabla sijamaliza kuvaa. Karatasi nimeijaribu mwenyewe mara nne, imeshika zote nne. Ile kona mpwa wako kaisugua mara moja, na mpaka leo haijarudi kitu. Mtoto anakohoa akikumbuka tu, akitaka asiende shule. Maji nakunywa, glasi sita, nazihesabu ili unikome.

Jana jioni mkwe akaja na chai yangu, kali. Kiwandani alishaomba ruhusa ya Ijumaa, anipeleke stendi na mzigo. Akasimama na kikombe, akauliza taratibu, "Kwa hiyo Ijumaa, mama?"

Nikamwambia ruhusa asiirudishe, Ijumaa tunapaka rangi.

Dada yako